Mkasi wa Kwanza Ulikuwa Mkononi mwa Mwandishi

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotangulia kushika kalamu, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa chini kwa sababu viti vimeisha: itifaki imezingatiwa. Nikianza kumtaja kila mtu kwa cheo chake, muda niliopewa utaishia kwenye salamu na chai ile kule nyuma itapoa.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwandishi anayeandika habari za nyumbani kwao, kisha siku moja anakaa kochini na kuziona kwenye televisheni. Nadhani waandaaji walitarajia mtu aliyeonewa, aje atoe machozi hapa. Watanisamehe. Mimi niko upande wa pili, naandika skripti za tamthilia. Mwandishi akilalamika kwamba mama yake amegeuzwa, anayelaumiwa mara nyingi ni mtu wa kazi yangu, yule ambaye jina lake hupita mbio mwishoni wakati ninyi mnaitafuta rimoti. Kwa hiyo nisikilizeni mkijua ninakula wapi.

Nina jambo moja tu, na nalisema mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Familia iliyomo kwenye kitabu chako ilishakatwa kabla televisheni haijaigusa. Aliyeikata ni wewe. Uliamua mjomba yupi aingie na yupi abaki nje, ugomvi upi usimuliwe na upi uzikwe, mama aseme nini na baba anyamaze wapi. Mkasi wa kwanza ulikuwa mkononi mwako. Sisi tunakuja na wa pili, na ukiona wetu unauma, ujue shangazi yako aliuhisi ule wa kwanza siku alipokisoma kitabu. Hakukwambia tu.

Tuanze na kisa ambacho baadhi yenu mnakijua. Eddie Huang ni Mmarekani, mtoto wa wahamiaji kutoka Taiwan, mpishi aliyefungua mgahawa wake New York mwaka 2009. Januari 2013 alitoa kitabu cha maisha yake na ya nyumbani kwao, Fresh Off the Boat. Ni kitabu chenye hasira. Kina muziki wa rapu, kina ngumi za shuleni huko Orlando, Florida, kina baba anayeendesha mgahawa wa nyama kwa Wamarekani na mama asiyeridhika na lolote. Na kina vipigo. Huang hafichi kwamba nyumbani kwao watoto walipigwa, na wala hasemi kwamba wazazi wake hawakuwapenda. Mambo hayo mawili ameyaweka pamoja kwenye ukurasa na kumwacha msomaji ahangaike nayo.

ABC, shirika la televisheni la Marekani, likakichukua kitabu. Kazi ya kukigeuza ikapewa Nahnatchka Khan, mwandishi wa vichekesho mwenye asili ya Iran, na tarehe 4 Februari 2015 sehemu ya kwanza ikaruka hewani. Kilikuwa kipindi cha vichekesho cha nusu saa, cha familia kukaa pamoja mapema jioni. Orlando ileile, mwaka 1995, mgahawa uleule wa nyama, mama mkali vilevile. Vipigo havikuwemo.

Huang hakusubiri. Kabla kipindi hakijaanza alichapisha insha ndefu kwenye jarida la New York akieleza alivyovutana na waandaaji, na jinsi alivyoiona hadithi yake ikilainishwa hadi ikawa ya mtu yeyote. Hebu fikirini: mwenye chakula anakikosoa hadharani kabla sahani haijafika mezani! Hata hivyo insha ile haikuisha kwa kuikana kazi. Alijua ina uzito gani, maana tangu kipindi cha mchekeshaji Margaret Cho cha mwaka 1994, kilichodumu msimu mmoja tu, hapakuwa na familia ya Waamerika wenye asili ya Asia iliyokuwa kiini cha kipindi cha vichekesho kwenye mashirika makubwa ya televisheni ya nchi ile. Miaka 20 imepita, mlango umefunguka kidogo, na anayelalamika ndiye ambaye familia yake imeingizwa. Hapo ukisema ni nongwa, ukinyamaza ni unafiki.

Katika msimu wa kwanza sauti ya msimulizi ilikuwa ya Huang mwenyewe. Baadaye akasema wazi kwenye mtandao kwamba hakitazami kipindi na kwamba maisha yanayoonyeshwa mle hayatambui. Akajitoa. Kipindi hakikujitoa. Kiliendelea hadi Februari 2020, misimu 6, sehemu 116, bila yeye.

Watu wanapenda kuniuliza kama alikuwa na haki. Kwa upande wa ukweli, ninamuunga mkono kwa asilimia mia. Walichokitoa hakikuwa pambo, kilikuwa mfupa wa kitabu. Lakini tazameni ulivyong'oka, kwa sababu hakuna aliyekaa chumbani akasema, "Njooni tumdanganye mtazamaji."

Nusu saa ya televisheni ya biashara, ukitoa matangazo, ni kama dakika 21 au 22. Ndani yake uanzishe kisa, ukivuruge, ukirekebishe, na familia irudi pale ilipokuwa ili wiki ijayo tuanze tena. Kitabu kina mwisho. Kipindi cha mfululizo kinauombea mwisho usije. Baba akimpiga mtoto kwa mkanda Jumanne hii, Jumanne ijayo mtazamaji hajasahau, na kila mzaha wa baba yule atauona na mkanda mkononi. Ukurasa unaweza kubeba jambo hilo, kwa sababu anayesimulia ni mtu mzima aliyekwisha kutoka mle ndani. Tunamshika mkono, tunajua amepona kiasi gani na hajapona wapi. Kamera haina "mimi". Inamwona mtoto, inauona mkanda, basi. Unaweza kuibandika sauti ya msimulizi juu yake, kama walivyofanya, lakini ni kiraka, na baada ya msimu ule wa kwanza nacho kikabanduka.

Kwa hiyo vipigo havikutolewa siku ya kupiga picha. Havikutolewa hata kwenye skripti. Vilikufa siku ilipoamuliwa kwamba hiki ni kichekesho cha nusu saa cha mapema jioni. Kila kilichofuata, pamoja na ugomvi wote ule wa Huang na watu wa chumba cha waandishi, kilikuwa matanga. Nawaomba mlishike hilo hata kama mtasahau mengine yote: mtu akikujia na kutaka kitabu chako, usianze kuuliza nani ataigiza nafasi ya mama. Uliza kitaonyeshwa saa ngapi, dakika ngapi, na kama kinatakiwa kichekeshe.

Kuna jingine ambalo Huang hakulipenda na ambalo kwetu linauma zaidi. Kitabuni alikuwa anasema kwa niaba ya nyumba yao tu. Kipindi kilipoanza, nyumba ile moja ikabebeshwa watu mamilioni, Wachina, Wakorea, Wavietinamu, kila mmoja akiangalia kama amewakilishwa vizuri. Randall Park, aliyeigiza kama baba, ni mtoto wa Wakorea. Ninyi mnalijua hili hata bila Marekani. Weka kwenye tamthilia familia moja ya Kichaga ambayo baba yake ni bahili: kesho yake utapigiwa simu kuanzia Rombo hadi Kibosho. Ukiwaeleza kwamba huyu ni baba wa mwandishi fulani, na kwamba kweli alikuwa bahili, wala hawakusikii.

Nitoe haki upande mwingine pia. Kuna tukio la shuleni, wakati wa kula, ambapo Eddie mdogo anatukanwa kwa asili yake na mtoto mwenzake mweusi, anapandwa na hasira, na wazazi wanaitwa. Baba na mama wanafika ofisini kwa mkuu wa shule na kusimama upande wa mtoto wao. Tusi lenyewe limetoka kitabuni, na liliachwa litamkwe kama lilivyo, kwenye sehemu ya kwanza kabisa. Kwa kichekesho cha saa ile ni jambo zito. Skripti nzuri hujulikana hivyo: haiwezi kuokoa kila kitu, inachagua mfupa mmoja na kuushikilia.

Sasa nihamie kwa mtu ambaye hakulalamika sana, na nadhani najua kwa nini.

Gerald Durrell, Mwingereza, mpenda wanyama. Kati ya mwaka 1935 na 1939 aliishi utotoni kisiwa cha Corfu, Ugiriki, na mama yake mjane Louisa pamoja na ndugu zake Larry, Leslie na Margo. Mwaka 1956 akatoa kitabu, My Family and Other Animals. Mwanzoni anaeleza kwamba alinuia kuandika habari za viumbe wa kisiwa kile, akawaingiza jamaa zake kwenye kurasa za kwanza, nao wakakiteka kitabu. Mnaoandika tawasifu mnacheka kwa sababu mnajua.

Kitabu kinachekesha kutoka mwanzo hadi mwisho, na anayechekesha kuliko wote ni kaka mkubwa, Larry, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Lawrence Durrell, mwandishi wa riwaya. Humo Larry anaishi nyumba moja na mama na wadogo zake, anawaalika wageni wa ajabu bila kuuliza, analalamika kila mnyama anayeletwa ndani. Ni raha tupu kusoma. Ila Larry halisi alikuwa ameoa. Alikwenda Corfu na mkewe, Nancy, na kwa sehemu kubwa walikaa kwao, wawili, huko Kalami, kaskazini-mashariki ya kisiwa. Kitabuni Nancy hayupo. Hajatajwa hata kwa bahati mbaya. Mke mzima!

Mkasi huo ni wa nani? BBC walitengeneza tamthilia ya kitabu hicho mwaka 1987, Gerald akiwa hai. ITV, kituo kingine cha Uingereza, nao wakaanza yao mwaka 2016, ikaenda misimu 4 hadi 2019. Nancy hakukatwa na ITV. Alikwisha kukatwa miaka 60 kabla, na shemeji yake, kwa sababu nzuri ya kisanaa: kichekesho cha familia kinataka watu wote wagongane kwenye meza moja. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, na ningelala usingizi. Lakini mwandishi aliyekwisha kumfuta mke wa kaka yake hawezi kupiga meza sana akiona televisheni imemwongezea mama yake mchumba.

Maana ndilo lililotokea. Kwenye utangulizi uleule wa mwaka 1956, Gerald anaeleza kwamba mama yake alisisitiza msomaji ajulishwe kuwa yeye ni mjane, kwa sababu huwezi kujua watu watafikiria nini. Mama alikisoma, akaona watoto wanne na hakuna baba popote, akataka jina lake lilindwe. Ombi pekee. Mwanawe akalitimiza, kwa utani lakini akalitimiza. Louisa alifariki mwaka 1964. Tamthilia ya ITV ilipokuja, ikamfanya yeye kiini cha hadithi badala ya Gerry mdogo na mijusi yake, na misimu minne ikaenda naye: anampenda huyu, anakaribia kuolewa na yule, na kuna moto unaofuka kati yake na Spiro, dereva wa teksi, ambaye ana mke.

Naipenda tamthilia ile. Keeley Hawes ameigiza nafasi ya mama vizuri mno, na kama mtu wa kazi naelewa kwa nini waliamua hivyo. Mama mjane, fedha hakuna, watoto wanne wakaidi, nchi ya ugenini: huyo ndiye mwenye jambo la kupoteza, na kamera humfuata mwenye jambo la kupoteza. Mtoto anayekusanya kobe ana furaha, na furaha haisukumi misimu minne. Lakini lile ombi moja la mama yule sijalisahau. Kuna mtu alikuwa na neno lake moja la kusema kuhusu jinsi atakavyoonekana, na ndilo lililovunjwa, na hakukuwa na kifungu chochote cha mkataba cha kulizuia, kwa sababu mkataba wa kitabu huwa ni wa mwandishi. Mama hana sahihi humo.

Kisa cha tatu nitakipitia kwa ufupi ingawa ndicho kikubwa kuliko vyote. Wengi wetu humu tulimjua Kunta Kinte kwa sura kabla ya kujua kwamba kuna kitabu. Alex Haley alitoa Roots mwaka 1976, hadithi ya vizazi vya familia yake, kuanzia huyo Kunta, kijana aliyetekwa karibu na kijiji cha Juffure, Gambia, na kupelekwa utumwani Marekani, hadi kwa bibi aliyekuwa akisimulia barazani huko Henning, Tennessee. ABC wakaionyesha kwa usiku 8 mfululizo, Januari 1977, na usiku wa mwisho unakadiriwa kutazamwa na watu milioni 100. Matayarisho ya televisheni yalianza hata kabla kitabu hakijakamilika. Mwisho kabisa, Haley mwenyewe anatokea kwenye kioo. Yaani huyu hakupokonywa. Alikuwa mle ndani.

Na bado, tazameni. Safari ya baharini kitabuni tunaisafiri chini ya sitaha, gizani, ndani ya mwili wa Kunta. Kwenye televisheni tunapewa nahodha wa meli, mwigizaji maarufu mzungu, anayesumbuliwa na dhamira. Watazamaji wengi wa ABC walikuwa weupe na waandaaji walitaka wapate uso wanaoufahamu. Dakika ambazo kitabu kilimpa mateka, televisheni ikazigawa na mwenye meli. Hilo mimi silitetei.

Baadaye yakaja mengine. Mwandishi mmoja wa riwaya, Harold Courlander, alimshtaki Haley kwa kuchukua vipande vya kitabu chake. Wakapatana mwaka 1978 kwa dola 650,000. Wataalamu wa historia na wa nasaba wakakagua ukoo ule na kuona viungo kadhaa havikai. Vitabu vikaandikwa, makala zikaandikwa. Nani alibadilisha picha kichwani mwake? LeVar Burton, kijana wa miaka 19 aliyeigiza kama Kunta, ndiye Kunta hadi leo. Mwaka 1979 ikaja tamthilia ya pili, na Haley akajiona mwenyewe anaigizwa na James Earl Jones. Ukishafika kwenye kioo, toleo lako limefungwa. Makosa uliyoyaacha kitabuni, ambayo ungeweza kuyarekebisha kimyakimya kwenye chapa ya pili, sasa yana uso na wimbo. Na yatarudi kwenye familia yenyewe: wajukuu watayakariri na kusema, "Bibi alisema hivyo," wakati aliyesema hivyo ni mtu kama mimi, usiku wa manane, akikimbizana na tarehe ya kukabidhi.

Turudi nyumbani, nisije nikaonekana nimekuja kuwahubiria Wamarekani na Waingereza ambao hawapo.

Tunayo tawasifu ya familia ambayo mtu yeyote wa televisheni akiisoma mate yanamtoka. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, binti wa Sultani Said bin Sultan, akaja kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake Berlin, kwa Kijerumani. Kasri la Mtoni na watoto wasiohesabika, mama wa kambo, wivu, ndugu wanaogombea kiti. Mwaka 1859, akiwa binti wa miaka 15, anaingia kwenye njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Majid, na kwa kuwa anajua kuandika, barua za njama anaziandika yeye. Kisha mwaka 1866 anatoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza akiwa na mimba ya Mjerumani, mfanyabiashara Heinrich Ruete.

Nipeni kitabu hicho niandike skripti, nawaambia bila aibu nitafungua na nini. Jioni, Mji Mkongwe, madirisha mawili yanayotazamana, binti wa Sultani upande huu na Mjerumani upande ule. Ninyi nyote mmeshaiona picha, wala sijaipiga.

Sasa kisomeni kitabu. Mapenzi yale Salme ameyapa nafasi ndogo mno, anayagusa na kupita. Kurasa kwa kurasa anaeleza chakula cha nyumbani, mavazi, elimu ya watoto, wanawake wanavyotembeleana, ugonjwa, sikukuu. Anawaandikia wanawe waliokulia Ujerumani, na Wazungu waliokuwa na maneno mengi juu ya wanawake wa Kiarabu. Anautetea hata utumwa wa nyumbani mwao, na hapo tamthilia ya leo ingepata kazi. Aliamua kwamba mlango ule wa mapenzi uko nusu wazi na hautafunguliwa zaidi. Televisheni ingeingia hapohapo kwanza. Alichokikata yeye ndicho sisi tungekishona upya na kukiweka mwanzo, na kile alichokitunza, ile nyumba nzima ya Mtoni na maisha ya kila siku, kingekuwa mandhari ya nyuma, wasichana wanapita na sinia.

Mwandishi hukata ili alinde. Televisheni ina pua ya kunusa mahali palipolindwa. Ndiyo maana mnaumia pale mnapoumia: mara nyingi tumeingia chumba kilekile ambacho mwenyewe ulikifunga, na ukweli wa mambo ni kwamba uliacha ufunguo mlangoni. Msomaji mzuri naye aliuona. Hakuwa na kamera tu.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niingie kwenye karatasi.

Kinachokujia kwanza si mkataba wa kutengeneza tamthilia. Ni mkataba wa kukushikia kitabu: kampuni inakulipa kiasi kidogo, mara nyingi kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu, ili usimuuzie mwingine wakati wao wanatafuta fedha na kituo cha kuonyesha. Vitabu vingi vinaishia hapo, na hakuna ubaya, umekula na kitabu ni chako. Ubaya ni pale karatasi ya kushikilia inapobeba ndani yake, kwa maandishi madogo, uuzaji wa moja kwa moja. Nimeona waandishi wakisherehekea malipo ya kushikiliwa, kumbe wameshauza hadi misimu ya mbele na wajukuu wa wahusika.

Halafu kuna cheo cha mshauri. Watakwambia, "Wewe utakuwa mshauri wetu." Inapendeza masikioni. Mshauri anapewa skripti asome, anapewa kiti siku ya kupiga picha, anapewa chai. Kura hana. Kama kuna jambo ambalo likibadilishwa hutaweza kwenda msibani kwa ndugu zako, jambo hilo liandikwe kwa jina lake, kwa sentensi yake, kwamba bila idhini yako ya maandishi haliguswi. Usiandike "hadithi iheshimiwe". Hakuna mwanasheria duniani anayejua maana ya hilo. Andika: mama hapewi mchumba. Andika: baba anabaki na ugonjwa wake hadi mwisho. Jambo moja, mawili. Ukileta ishirini wanaondoka, na wana haki ya kuondoka.

Sheria ipo upande wako kidogo. Sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka ruhusa yako kabla kitabu hakijageuzwa kuwa tamthilia, na Kenya wana yao ya mwaka 2001. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi, ambao nchi zote mbili ni wanachama, unampa mwandishi haki ya kutajwa na ya kupinga upotoshaji unaomharibia heshima. Mwandishi, nimesema. Heshima ya mjomba wako haimo, kwa maana sheria inalinda maandishi yako na haiulizi waliomo ndani waliafiki nini. Upande huo umeachiwa wewe.

Ndiyo maana nawasihi mfanye jambo ambalo hakuna kampuni itakayowaomba. Kabla ya sahihi, chukueni kitabu muende nacho kwa wale waliomo na bado wako hai. Msiende na habari njema ya televisheni, maana mtu akisikia televisheni atakubali chochote, anawaza nguo ya siku ya uzinduzi. Nendeni mkamuulize kila mmoja ana neno gani moja, kama mama yule wa Corfu alivyokuwa na lake. Wengine watawaambia msiuze, na hapo mtakuwa na kazi ya kuamua, mimi sitaamua kwa niaba yenu. Wengine watataka fedha, na mimi naona wanastahili. Mama ambaye maneno yake ya jikoni yamekuwa sentensi bora za kitabu chako alishakuandikia nusu ya skripti. Wengine watakwambia jambo ambalo hukulijua, na kitabu chako kitakuwa kimepungua papo hapo mbele ya macho yako.

Na skripti ikija, isomeni kwa sauti, na mtu wa nyumbani akiwa amekaa hapo. Sisi tunaandika Kiswahili cha kila mtu ili kila mtu aelewe, kwa hiyo bibi yako wa Makunduchi atakuja akiongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Hilo ni rahisi kurekebisha na waandishi wa tawasifu hawalisemi kamwe, wanaona aibu, wanadhani ni jambo dogo. Lisemeni. Mwigizaji atashukuru, maana anatafuta kitu cha kushika, na namna bibi alivyokuwa akitukana ni kitu cha kushika.

Mwenyekiti sasa amesimama kabisa. Walio na mikataba nyumbani wameileta wachache, nimewaona na bahasha. Nitakuwa pale kwenye meza ya vitabu mpaka watufungie ukumbi. Njooni na karatasi zote, msije na picha ya ukurasa wa kwanza kwenye simu. Kifungu ninachokitafuta hakikai ukurasa wa kwanza.